Barua ya wazi kwa wakubwa wa mpira wa Marekani: Dexter Manley mlimpitisha nyinyi, na bado mnapitisha

Kwa Kamishna wa NFL, yaani ligi ya kulipwa, kwa wakubwa wa NCAA, wanaosimamia michezo ya vyuo, kule Indianapolis, na kwa wakuu wa shule na makocha wa hapa Texas,

Salamu kwenu nyote. Naandika kwa Kiswahili manake wazazi wengi tunaokaa huku kusini magharibi mwa Houston, Wakongo, Warundi, Watanzania, Wakenya, ndo tunachoongea majumbani, na hii barua nataka waisome wao kwanza kabla haijafika kwenu. Nyinyi mna ofisi na mna wakalimani, mtasomewa.

Naongelea watoto wetu wanaocheza mpira wa Kimarekani na wanaopandishwa madarasa bila kujua kusoma. Na naanza na Dexter Manley kwa sababu kila kitu kinachonitia hofu kilishamtokea yeye, tena mbele ya macho yenu, na kimeandikwa.

Kwa wazazi wenzangu msiomjua, Manley katokea hapahapa Houston, kasoma sekondari Jack Yates pale Third Ward, mwili mkubwa na mbio za ajabu kwa mtu wa ukubwa ule. Alikuwa difensi endi, yaani yule anaepangwa pembeni kabisa kwenye mstari wa ulinzi, anainama kaweka mkono chini, mpira ukitoka tu anachomoka, anamzunguka au anamsukuma lile jitu lililowekwa kumzuia, lengo ni moja tu, amfikie kota beki, yule anaeongoza mashambulizi ya wapinzani, amwangushe kabla hajarusha mpira, hiyo ndo wanaiita saki. Shughuli nzima ni sekunde mbili tatu, na hapo katikati hakuna mtu anaekuuliza kama unajua kusoma.

Akachukuliwa na chuo cha Oklahoma State kwa skolashipu, akacheza miaka 4, miaka miwili ya mwisho kocha akiwa Jimmy Johnson ambae baadae alikuja kuchukua ubingwa na Dallas. Mwaka 1981 timu ya Washington, hii inaitwa Commanders siku izi, ikamchagua raundi ya tano, kwenye zile zamu za timu kuchagua wachezaji wapya. Raundi ya tano mtu anaweza akaachwa tu kambini akarudi nyumbani, lakini huyu hakuachwa, ndani ya misimu miwili alikuwa tishio la ligi nzima na watu wakambatiza Waziri wa Ulinzi.

Mechi ninayopenda kuwaonyesha vijana ni ile ya Januari 1983, Washington na Dallas, uwanja wa RFK, anaeshinda anaenda Super Bowl, fainali ya ligi. Kipindi cha kwanza Manley alimfikia kota beki wa Dallas, Danny White, akampiga kipigo ambacho jamaa hakurudi tena uwanjani, akaingia wa akiba, Gary Hogeboom. Sasa dakika za mwisho mwisho Dallas wanatafuta kurudi mchezoni, Hogeboom anataka kurusha pasi fupi, Manley yuko palepale mbele yake, karuka mikono juu, mpira ukamgusa mkononi ukapanda juu ukawa unaelea, mwenzake Darryl Grant akaudaka akaukimbiza mpaka ndani kwenye mstari wa goli, na uwanja ule ukawa unatikisika kweli manake majukwaa ya RFK yalikuwa yanacheza watu wakiruka. Ikaisha 31 kwa 17. Wiki iliyofuata wakawapiga Miami 27 kwa 17 wakabeba Super Bowl, na Januari 1988 wakabeba tena wakiwapiga Denver 42 kwa 10. Msimu wa 1986 peke yake huyu mtu aliangusha makota beki kama mara 18. Rekodi rasmi ya maisha yake ni saki 97 na nusu, na hapo za 1981 hazimo manake NFL ilianza kuziandika rasmi 1982.

Huyo mtu, wakati wote huo, alikuwa hajui kusoma.

Tarehe 18 Mei 1989 akiwa na miaka 30 alikaa mbele ya kamati ndogo ya elimu ya Seneti ya Marekani akasema mwenyewe, machozi yanamtoka, kwamba alimaliza sekondari na akakaa chuo kikuu miaka 4 akiwa hawezi kusoma. Vipimo vilikuwa vimeonyesha anasoma kwa kiwango cha darasa la pili. Utotoni aliwahi kurudishwa darasa la pili, wakamuweka kwenye darasa la watoto wenye matatizo ya kujifunza, hata tatizo lenyewe lilikuja kujulikana ukubwani, ni shida ya kushika kwenye kumbukumbu vitu anavyovisikia. Inafundishika hiyo. Alivyokuja kupata walimu wanaoijua, pale Lab School ya Washington, alijifunza, taratibu, usiku usiku, mtu ambae ana pete ya ubingwa kidoleni anakaa na kitabu cha watoto wadogo. Na kilichompeleka pale ni kumuona kota beki wao Joe Theismann akivunjika mguu hadharani kwenye mechi ya Novemba 1985, maisha yake ya mpira yakaisha usiku uleule, Manley akajiuliza mimi ikinitokea hii leo nitafanya kazi gani.

Nataka mkae hapo kidogo. Swali hilo alilazimika kujiuliza yeye mwenyewe, mtu mzima, yuko kwenye ligi mwaka wa tano. Kabla yake kulikuwa na walimu wa shule ya msingi, maticha wa sekondari, makocha, washauri wa masomo wa chuo, wapimaji wa timu waliojua uzito wake na mbio zake za yadi 40 mpaka sehemu ya sekunde. Wote walipita kwenye maisha ya huyu mtoto na wote walisaini kitu fulani. Na baada ya kuongea Seneti, rais wa chuo chake wa wakati ule alisema kuna watakaoona Manley alipata alichokitaka pale, alikuza kipaji akaonekana na timu za kulipwa, kwa iyo pengine chuo kilimfanyia hisani. Hisani! Mtu mzima msomi anaongoza chuo kikuu anaongea hivyo hadharani, na nyinyi NCAA mlikuwepo.

Kilichofata mnakijua. Unga ulikuwa umeshamshika kabla hata ya Seneti, 1987 alishapelekwa kituo cha matibabu, 1988 akasimamishwa siku 30, na Novemba 1989, miezi sita tu baada ya yale machozi, akakamatwa na kipimo cha tatu, na Kamishna Paul Tagliabue ambae alikuwa ndo kwanza ameingia ofisini akampiga marufuku ya maisha. Mwaka ukapita akaruhusiwa kurudi, Washington hawakumtaka tena, akacheza Phoenix, akacheza Tampa Bay, Desemba 1991 kipimo cha nne, akatangaza kustaafu kabla hawajamtoa. Akaenda Kanada kucheza Ottawa, nako haikukaa. Halafu akarudi huku Houston, na huku ndo ikawa mbaya zaidi, kukamatwa, kuachiwa, kukamatwa, mpaka 1995 akahukumiwa kifungo cha miaka 4 kwa kokeni, akakaa ndani miezi 15. Mwaka 2002 tena akafungwa. 2006 akafanyiwa upasuaji mkubwa wa kichwa, kutoa uvimbe kwenye ubongo ambao uligunduliwa tangu 1986 baada ya kuanguka akiwa dukani Georgetown. Akapona, na akaacha unga, na amekuwa akijisimulia mwenyewe kwa watu bila kuficha, namheshimu sana kwa hilo.

Sitaki mtu anielewe vibaya hapa. Sisemi kutojua kusoma ndo kulimpeleka kwenye unga, wapo wasomi wengi tu wamekufa na unga na wapo bibi zetu hawakukanyaga darasani wakaishi maisha safi. Unga alikula mwenyewe na ameshasema mwenyewe. Ninachosema ni kwamba angalieni adhabu zote kwenye hii hadithi. Siku 30 kapewa yeye. Marufuku ya maisha kapewa yeye. Miaka 4 jela yeye. Na yule aliyempa maksi ya kufaulu kwenye somo la Kiingereza wakati hawezi kusoma sentensi, yule alipewa nini? Aliyesaini cheti cha sekondari? Aliyethibitisha kila muhula kwamba huyu kijana ana sifa za kucheza chuo? NFL ilianza kuhesabu saki 1982 na leo mnaweza kumwambia mtu yeyote duniani Manley aliangusha makota beki wangapi na nusu. Kusoma hamjaanza kuhesabu mpaka leo.

Na msiniambie hayo yalikuwa ya zamani. Naijua sheria ya Texas ya 1984, asiyefikisha 70 kwenye somo hachezi, na ni sheria nzuri ukiisoma. Naijua pia ile ya NCAA ya 1986 iliyoweka kiwango cha maksi na mtihani wa kuingilia chuo. Tatizo la 70 ni kwamba anaeiandika ni mtu, na huyo mtu anakaa mji uleule ambao Ijumaa usiku kila mtu yuko uwanjani, kuanzia mkuu wa shule mpaka muuza mafuta. Na mtihani wa kuingilia nao mmeshauondoa, Januari 2023, sasa hivi ni maksi za shuleni peke yake. Kuna sababu zake, mitihani ile ilikuwa inawaumiza watoto maskini na wageni kama wa kwetu, sipingi. Lakini mmeondoa kipimo kimoja hamjaweka kingine, kwa iyo mtoto akibebwa na shule yake hakuna tena mlango mwingine wa kumshika kabla hajafika chuoni.

Akifika huko chuoni je? North Carolina, chuo chenye heshima kubwa kabisa, kwa miaka 18 kilikuwa na madarasa ambayo hayana kipindi hata kimoja, mwanafunzi anaandika karatasi moja, karani wa ofisi anaipa maksi za juu. Ripoti ya uchunguzi ilitoka 2014, wanafunzi zaidi ya 3,100 walipita humo na karibu nusu yao walikuwa wanamichezo. NCAA mkachunguza miaka, Oktoba 2017 mkasema hamuwezi kuadhibu manake madarasa yale yalikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Yaani kwa sababu wasiocheza nao walidanganywa basi hakuna kosa. Mimi hili jibu nimelisoma mara nyingi na bado linanikasirisha.

Sasa niwaambie kwa nini mimi, mtu wa Kigoma nilielewa mpira huu ukubwani, nakaa kuandika haya.

Mtoto wa dada wa mke wangu alikuja Marekani na mama yake kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Alizaliwa palepale kambini. Kufika hapa shule ikaangalia tarehe ya kuzaliwa ikamuweka darasa la wenzake wa umri wake, wakati Kiingereza hajui na kusoma kwenyewe alikuwa ndo anaanza. Ndo utaratibu, watoto wote wa kambini wanaujua. Akakua. Jamani akakua, kufika miaka 14 ananizidi mimi kwa kichwa kizima, mabega kama mlango, na kocha akamuona koridoni. Kuanzia siku ile hakufeli tena somo lolote. Mama yake alifurahi sana, alikuwa anatuma picha za ripoti kwa ndugu wote mpaka waliobaki kambini, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema mtoto ana akili huyu.

Halafu akaleta fomu. Fomu ya mzazi kusaini kabla ya msimu, kurasa kadhaa, mambo ya kugongwa kichwani, dalili zake ni zipi, nani mwenye uamuzi wa kumrudisha mtoto uwanjani, mzazi anakubali nini. Mama yake hasomi Kiingereza, akaniita. Nikamwambia kijana, baba, umeshakuwa mkubwa, msomee mama taratibu mimi nitatafsiri pale utakapokwama. Akaishika ile karatasi. Akaanza maneno matatu ya kwanza vizuri, likaja neno refu akaliruka, likaja lingine akabuni, halafu akaanza kutoa sentensi ambazo kwenye karatasi hazipo kabisa, sauti imenyooka kama mtu anaesoma kweli, na kidole chake kinatembea kwenye mistari. Niliangalia kile kidole. Kilikuwa kimefika katikati ya ukurasa wakati mdomo umeshamaliza. Sikumwambia kitu mbele ya mama yake. Baadae nikamfata nje kwenye ngazi akaniambia baba mdogo, usiwaambie kocha, nitaondolewa kwenye timu.

Ukiangalia ripoti ya muhula ule, Kiingereza ana 78.

Nilienda shuleni, shule siitaji na mwalimu simtaji, sikuandika hii kumharibia mtu kazi. Walinipokea vizuri. Waliniambia kijana ana moyo, anajituma, ana nidhamu, vyuo vitakuja kumuangalia, na mpira utamfungulia milango. Nikauliza nani hapa anajua anasoma kwa kiwango cha darasa la ngapi. Wakaangaliana. Wakaniambia wataniletea majibu na hawakuleta, tukamtafutia wenyewe mwalimu, mama mmoja mstaafu pale kanisani, anakaa nae jioni baada ya mazoezi na anaendelea vizuri, sasa hivi anasoma ujumbe wa kocha peke yake. Lakini wako wangapi ambao kidole chao hakijaangaliwa na mtu?

Kwa iyo maombi yetu ni haya na nayaeleza kwa lugha rahisi ili asiseme mtu hakuelewa.

Wakuu wa shule, kabla mtoto hajavaa jezi apimwe kusoma, kila mwaka, na anaempima asiwe mtu wa idara ya michezo wala mtu ambae kocha anaweza kumpigia simu. Majibu yapelekwe nyumbani kwa lugha ya nyumbani. Na hili ni la muhimu kuliko yote, mtoto akionekana hasomi asifukuzwe kwenye timu. Apangiwe mwalimu, mazoezi yake ya mpira yapunguzwe kidogo nafasi ipatikane, lakini abaki na wenzake. Mkimfukuza mtakuwa mmewafundisha wote wajifiche, kama Manley alivyojificha miaka yote ile, alikuwa anaingia na gazeti kwenye chumba cha wachezaji aonekane anasoma.

NCAA, tangu Juni 2025 mahakama imeruhusu vyuo vigawane mapato na wachezaji, mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Tunafurahi watoto walipwe, walikuwa wanatumikishwa. Lakini chuo kinachoweza kutoa milioni 20 hakiwezi kuniambia hakina hela ya walimu wa kusoma, na kijana anaesainishwa kontrakti ya laki kadhaa za dola bila uwezo wa kuisoma anasainishwa gizani, mtu yeyote anaweza kumuibia, wakala, rafiki, hata ndugu yake. Msikubali sahihi ya mtu ambae hajapimwa kama anaelewa anachosaini. Na chuo kikikutwa kimempa maksi za bure mchezaji, aadhibiwe aliyezitoa na kocha aliyefaidika, mchezaji aachwe na skolashipu yake mpaka amalize kusoma, hata kama goti limeshaisha.

NFL, nyinyi mnawapima vijana kila Februari na Machi pale Indianapolis, mnapima urefu, mnapima upana wa kiganja, mnapima anaruka juu kiasi gani. Ongezeni saa moja ya siri, mwalimu na mchezaji peke yao, timu zisijue majibu, na anaehitaji kufundishwa afundishwe akilipwa. Na wastaafu pia, kuna watu wazima wako majumbani wana pete na hawawezi kuisoma barua ya bima yao ya afya. Watafuteni nyinyi, msisubiri wajitokeze kulia mbele ya Seneti.

Mazoezi ya msimu mpya hapa Texas yanaanza mwanzoni mwa Agosti. Kabla ya siku hiyo tutakuwa kwenye kikao cha bodi ya shule, pale kwenye dakika za wananchi kuongea, wazazi kadhaa na mkalimani wetu, na swali letu litakuwa moja kwa kila shule yenye timu, kwenye rosta yenu wangapi mmewapima kusoma na majibu yako wapi. Tunaomba mje na karatasi.

Ni mimi baba mdogo wa difensi endi mmoja, Houston.